Piga Ndogo Tu

Kamera ya dijitali ya Mwantum Zuber ilipofika Tukuyu mwaka 2005, watu wa mtaa wa Msasani mjini pale walikuja kuitazama kama wanavyokwenda kumtazama mtoto mchanga. Haikuwa na mkanda. Unapiga, unaona hapo hapo, usipopenda unafuta. Shangazi yake ndiye aliyeinunua Dubai, alikokwenda kufuata mzigo wa nguo, akamletea ikiwa ndani ya boksi lake. Juu ya boksi palikuwa na namba nane kubwa ya kung'aa.

Baba yake, mzee Zuber, aliisoma namba ile kwa muda. Yeye alikuwa amepiga picha mjini pale miaka zaidi ya thelathini, kabla ya macho kumsumbua na kumwachia binti yake studio.

"Nane ya nini?" aliuliza.

"Megapikseli, baba. Ni nukta. Picha moja ina nukta milioni nane."

"Na uso wa mtu una nukta ngapi?"

Mwantum alicheka, lakini mwezi haukuisha akalielewa swali. Mteja wake wa kwanza wa maana alikuwa Sabrina, bibi harusi, binti wa muuza vifaa vya ujenzi. Mwantum aliiweka kamera kwenye ukubwa wa mwisho, akampiga, akaenda Mbeya kumsafishia picha pana kama sinia. Sabrina akaifungua. Vinyweleo vya juu ya mdomo vilionekana. Poda iliyoishia kwenye kidevu na kuiacha shingo na rangi yake ilionekana. Chunusi ambayo asubuhi ile hata mama yake hakuiona ilikuwa imekaa katikati ya paji la uso.

"Dada Mwantum," Sabrina alisema, "wewe ulinipiga picha au ulinipiga vita?"

Mzee Zuber alimweleza binti yake jioni hiyo wakinywa chai. "Mimi nilikuwa nawapa watu postikadi. Kwenye picha ndogo kila mtu ni mzuri. Kidonda hakina pa kukaa."

Basi Mwantum akajifunza mambo mawili. La kwanza, kuiweka kamera kwenye ukubwa mdogo. Tena ilimfaa, maana kadi yake ya kuhifadhia picha ilikuwa ndogo: kwa picha kubwa ilijaa baada ya kumi na nane tu, kwa picha ndogo zikaingia mia nne, na kompyuta yake ya mtumba haikuganda tena kila alipofungua picha moja. La pili, kufuta madoa. Alikaa na kompyuta ile wiki nzima mpaka akajua kuondoa chunusi, kovu, mikunjo ya shingo, hata jino lililooza. Sifa zikaenea. Wanawake sokoni walisema Mwantum anasafisha uso kuliko sabuni yoyote inayotoka Zambia.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka mvua za Machi mwaka uliofuata, mzee Ambindwile alipoingia studio akikung'uta mwavuli.

Ambindwile alikuwa mkandarasi. Wakati ule kila kijiji kilikuwa kinajenga madarasa, na zabuni nyingi za upande ule alizipata yeye. Alikuwa mtu wa maneno laini, anayesalimia watoto kwa majina yao na kutoa pikapu yake bure kwenye misiba. Fremu ya duka aliyopanga Mwantum ilikuwa ya kwake pia, moja kati ya fremu sita zilizopangana karibu na soko la Msasani.

"Binti yangu," alisema, "kesho twende Ikuti. Nimemaliza madarasa mawili, nataka picha za kuweka kwenye ripoti ya kukabidhi. Wafadhili siku hizi hawaamini barua, wanataka picha."

"Sawa, baba. Kubwa au ndogo?"

"Piga ndogo tu. Ripoti haitaki makubwa."

Walifika Ikuti saa nne asubuhi. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka kwenye migomba, na jengo jipya lilisimama juu ya kilima likiwa jeupe, ukanda wa kijani chini ya madirisha, bati likimeta kwa mvua iliyotoka kukatika. Utepe mwekundu ulizungushwa hatua kumi kutoka ukutani ili watu wasichafue rangi. Wazazi kadhaa walikuwa wamesimama nje ya utepe, wakilitazama jengo kwa furaha ya watu waliochoka. Matofali walifyatua wao. Mchanga walibeba wao, kichwani, kutoka mtoni. Mkandarasi alileta saruji, nondo, mbao na mafundi.

Mwantum alipiga picha kumi na mbili ndogo: mbele, nyuma, ubavuni, madawati, ubao. Ambindwile alizitazama moja moja kwenye kioo cha kamera, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kisha akaenda kwenye pikapu kuongea na mtendaji wa kata.

Hapo ndipo mwalimu mkuu alipomsogelea Mwantum. Aliitwa Veronika, mwanamke mwembamba, sauti yake ya chini, aliyeishi kwenye nyumba ya shule miaka tisa akiomba madarasa.

"Dada, naomba na mimi moja. Kubwa. Ya kutundika ofisini, watoto wote mbele ya darasa lao. Hata wakiwa wazee waje wajione."

Mwantum aliikubali hamu ile. Aliomba utepe ulegezwe, watoto wakapanda barazani wakajipanga ngazi kwa ngazi, wakubwa nyuma. Msichana mrefu kuliko wote aliwekwa pembeni, karibu na dirisha. Alikuwa akiitwa Tulia na hakutulia hata kidogo. Mama yake, Tupokigwe, alimfokea kutoka nyuma ya utepe kwa Kinyakyusa mpaka watoto wote wakacheka. Mwantum aliiweka kamera kwenye ukubwa wa mwisho, akapiga wakicheka vile vile. Akapiga na ya pili, kisha akairudisha kamera kwenye ukubwa mdogo bila kuwaza kitu.

Kesho yake, studio, alizifungua zile ndogo kwanza. Jengo lilikuwa zuri kama kwenye kalenda. Kisha akaifungua kubwa, akanyanyuka kutia maji kwenye birika wakati kompyuta inahema. Aliporudi ilikuwa imefunguka. Akaanza kazi aliyoizoea, kupita uso baada ya uso, kutazama nani amefumba macho na nani ana kamasi.

Alipofika kwa Tulia aliona unywele. Ulianzia nyuma ya sikio la msichana ukapanda ukutani. Akadhani ni uchafu wa kioo, akaushika ili aufute kama alivyofuta makovu ya watu. Lakini unywele uliendelea. Aliukuza. Uliondoka kwenye kona ya dirisha, ukapanda kwa vidato, tofali kwa tofali, ukaikata lenta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha, na kupotelea chini ya bati. Mahali pengine ulikuwa umejazwa rangi nene, nyeupe kuliko nyeupe ya pembeni yake. Huo haukuwa unywele. Ukuta ulikuwa umepasuka.

Akairudia ile picha ndogo ya sehemu hiyo hiyo. Ukuta ulikuwa safi. Akaikuza, akapata miraba tu ya rangi, kama kitambaa kilichofumwa vibaya. Ufa ulikuwepo ukutani siku ile, saa ile, ila picha ndogo haikuwa na nafasi ya kuubeba.

Ndipo akaanza kuitazama picha kubwa kwa njia nyingine. Hakutafuta nyuso tena. Alipita msingi, milango, nguzo za baraza. Juu ya nguzo ya tatu, pale mbao za paa zilipogongewa, zege lilikuwa limemeguka kipande cha kiganja. Nondo ingeonekana nyeusi au yenye kutu. Kilichotokeza pale kilikuwa cha manjano, na kilikuwa na kifundo.

Hakuna mtu wa Rungwe asiyejua mwanzi.

Mwantum alikaa mikono ikiwa mapajani. Kisha akaenda kumwita baba yake, aliyekuwa akiota jua mlangoni kwa jirani.

Mzee Zuber alivuta kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Akavaa miwani, akaongeza na lenzi aliyokuwa akikagulia negativu zamani. Alitazama muda mrefu.

"Umeigusa picha hii?" aliuliza.

"Sijaigusa popote."

"Fremu hii tuliyokaa ni ya nani?"

"Najua ni ya nani, baba."

"Basi sina swali lingine," alisema mzee, akarudi juani.

Mchana ule ule Mwantum alipanda gari mpaka Ikuti. Kamera aliibeba mkobani, lakini hakuna aliyemruhusu kuvuka utepe. Mlinzi wa Ambindwile alisema rangi haijakauka. Akamwita mwalimu Veronika pembeni, akamwonyesha kwenye kile kioo kidogo, akikuza na kusogeza mpaka ufa ukajaza kioo chote. Mwalimu aliweka kiganja mdomoni.

"Wanakabidhi Alhamisi ijayo," alisema. "Jumatatu yake naingiza watoto tisini humo."

"Ndiyo maana nimekuja, mwalimu."

"Dada yangu, mimi ni mtumishi. Nikisema, nitaulizwa taaluma ya ujenzi nimesomea wapi. Niache nimuulize mzee mwenyewe kwanza. Kwa upole."

Alimuuliza kwa upole, na keshoye saa tatu Ambindwile alikuwa studio. Hakuwa amekasirika. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji ya kuchora, akaomba aone. Mwantum akamfungulia. Wakaisubiri picha pamoja, ikishuka mstari kwa mstari.

"Hapo," Mwantum alisema. "Na hapa."

"Huo ni uzi wa buibui. Na hiyo ni mbao ya fundi, atakuwa ameisahau."

"Mbao haina kifundo, baba."

Ambindwile alitabasamu. "Mwantum mwanangu, wewe si unajua mambo haya kuliko mimi? Hata uso wa malaika, ukiukuza hivi, utaona mashimo. Hakuna ukuta usio na mstari. Ripoti inataka picha ndogo. Picha ikiwa ndogo, nyumba ni nzima, watu wanafurahi, watoto wanasoma. Nipe zile kumi na mbili. Hii ifute."

"Zile kumi na mbili ni zako, uliziagiza. Hii aliiagiza mwalimu."

"Mwalimu haihitaji tena. Nimeongea naye."

"Basi aje aniambie mwenyewe."

"Binti yangu, ifute."

"Siifuti."

Neno lile lilimtoka kabla hajalipima, na lilipokwisha kutoka alijikuta halijutii. Ambindwile alinyanyuka, akachukua mwavuli wake, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa laini.

"Na ukiwaonyesha, nani atakuamini? Tukuyu nzima inajua unavyofanya nyuso za watu. Umetoa makovu, umetia meno. Mwenye kuweza kutoa kovu anaweza kutia ufa."

Akaondoka. Na hilo lilikuwa kweli: Mwantum alilifanya kwa mikono yake.

Kabla ya wiki kwisha maneno yalikuwa yametangulia kila alikokwenda. Kwenye mashine ya kusaga walimuuliza kama ameanza na kuta sasa. Muuza maharage alimwambia, akicheka, kwamba amtoe yeye unene kwanza ndipo avunje nyumba za watu. Hakuna aliyesema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma. Aliporudi studio alitazama dirisha lake la maonyesho: maharusi kumi na mmoja, wote na ngozi moja, laini, isiyo na historia. Aliwafahamu wote. Alijua nani ana kovu la maji ya moto, nani ana alama za ndui. Hakuna picha hata moja iliyofanana na mtu aliyemfahamu.

Aliwatoa dirishani, wote kumi na mmoja, akabaki na kioo kitupu.

Siku ya pili alikwenda Mbeya na picha ya Ikuti kwenye kadi. Kijana wa maabara ya picha alipoiona alishangaa uzito wake, akasema kwa picha nzito hivyo anaweza kutoa saizi ya inchi ishirini kwa thelathini bila kupoteza kitu.

"Nikusawazishie rangi, sista? Kuna ka-mstari hapa nakatoa faster tu."

"Usitoe kitu. Mbu akiwa amekaa ukutani, mwache akae."

Jumanne, siku mbili kabla ya kukabidhi, wazazi wa Ikuti waliitwa shuleni kupanga mapokezi ya wageni: nani atapika, nani ataleta viti, ngoma zitasimama wapi. Mwantum alifika na picha yake imekunjwa ndani ya nailoni. Mvua ilikuwa imepumzika. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Asajile, ambaye ujanani alikuwa fundi mwashi kwenye kiwanda cha chai, aliongoza kikao. Ambindwile alikaa mezani karibu naye, kofia gotini.

Mwantum aliamkia wazee kwa heshima, kwa Kinyakyusa. "Mugonile."

"Ndaga, mwanangu," Asajile alijibu. "Una neno?"

"Ninalo moja, baba."

Akaifungua picha. Wanawake wawili wakaishika pembe. Watu wakasogea, kwanza wakitafuta watoto wao, wakipiga vigelegele kila walipompata mmoja. Tupokigwe alimwona Tulia amefungua mdomo wote, akacheka mpaka pembe ya picha aliyoishika ikatikisika. Mwantum aliwaacha wacheke. Kisha akaweka kidole nyuma ya sikio la msichana yule, akakipandisha taratibu, kidato kwa kidato, mpaka kwenye bati. Kicheko kilipungua kidole kilivyopanda.

"Na hapa juu ya nguzo," alisema. "Tazameni wenyewe."

Asajile alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Ambindwile alikuwa amekwisha kusimama.

"Ndugu zangu, wazazi wenzangu, mnamjua huyu binti. Kazi yake ni kubadilisha picha. Waulizeni maharusi wa mjini. Leo ameamua kuchafua jengo lenu, siku mbili kabla ya wageni, kwa sababu anazozijua yeye. Mkifuata karatasi hiyo, wafadhili wataondoka na hamtaona darasa jingine."

Manung'uniko yalianza. Mtu mmoja nyuma alisema kwamba ni kweli, dada yake alipigwa picha pale Msasani akarudi bila kovu lake. Macho yote yakamgeukia Mwantum.

"Ni kweli," alisema, na akapaza sauti ili hata wa nyuma wasikie. "Nimefuta makovu ya watu. Nimefuta mengi. Hii sikuigusa, lakini sina njia ya kuwafanya mniamini, na sitaki mniamini. Ufa hauko kwenye karatasi yangu. Uko pale. Chukueni ngazi."

Ilikuwa hatua hamsini tu kutoka walipokuwa. Ngazi ya mafundi ilikuwa imelala nyuma ya jengo, kila mtu aliijua. Hakuna aliyejongea.

"Jengo halijakabidhiwa," Ambindwile alisema. "Mpaka Alhamisi ni eneo langu la kazi. Hakuna mtu kupanda."

Tupokigwe alikuwa bado ameshika pembe ya picha. Alimkabidhi mwenzake, akakaza khanga kiunoni.

"Mchanga wa ukuta ule niliubeba mimi," alisema, "kutoka mtoni, nikiwa na mimba ya miezi saba. Napanda kwenye mchanga wangu."

Akapita chini ya utepe. Mlinzi alinyoosha mkono kumzuia. Wanawake wengine sita wakapita chini ya utepe nyuma yake, na mkono ukashuka. Wakaleta ngazi, wakaiegemeza kwenye nguzo ya tatu. Tupokigwe akapanda na mundu wa kukatia majani ya ng'ombe, peku, chini wanawake wakiikaza ngazi kwa mabega.

Alitia vidole kwenye lile shimo la kiganja. Zege lilimeguka kama ugali uliolala. Akachomeka mundu, akabandua, akavuta, na ubapa wa mwanzi wenye urefu wa mkono ukamjia, ukiwa bado na ngozi yake ya kung'aa. Aliunyanyua juu ili wauone, kisha akautupa chini. Ulianguka barazani kwa mlio mwepesi.

Asajile aliuokota, akaugeuza na kuunusa. "Huu umekatwa msimu huu," alisema.

"Huo ni wa kujazia," Ambindwile alisema haraka. "Nondo ziko ndani zaidi. Mafundi hujazia."

"Ziko wapi?"

"Ndani."

"Nipeni nyundo," Asajile alisema.

Aliligonga lile zege mwenyewe, kwenye nguzo ya kwanza, kimo cha kiuno, mahali alipopachagua bila kuuliza mtu. Aligonga mara nne. Rangi ikabanduka, zege likafuata, na ndani yake mwanzi ulikuwa umesimama wima kama ulivyosimama ulipoota. Kwenye nguzo ya mwisho alipata nondo moja nyembamba, na mianzi mitatu pembeni yake.

Watu walikuwa wakilitazama paa, wakipima kwa macho uzito wake na vichwa ambavyo vingekaa chini yake. Tupokigwe alishuka, akaenda moja kwa moja kwa Tulia aliyekuwa akichungulia kutoka darasa la zamani, akamshika begani akakaa naye hivyo.

Mwalimu Veronika ndiye aliyesema. Alisimama kwenye ngazi ya baraza, mikono ameificha ndani ya sweta.

"Mwenyekiti, andika. Mimi mwalimu mkuu nimekataa kupokea jengo hili. Watoto wangu hawataingia humu. Kama nitahamishwa, nihamishwe."

"Ninaandika," Asajile alisema.

Ambindwile alichukua kofia yake. Alipopita karibu na Mwantum alisimama.

"Mwisho wa mwezi toa vitu vyako kwenye fremu yangu."

"Sawa, baba," Mwantum alijibu. "Nitaipiga picha kabla sijatoka. Kuta zote nne. Kubwa."

Ambindwile alimtazama kidogo, kama mtu anayekumbuka kitu alichokisahau nyumbani, akaenda kwenye pikapu.

Wageni wa Alhamisi walizuiwa. Mhandisi alikuja kutoka wilayani, akalizunguka jengo na kidaftari, akaamuru nguzo zote zivunjwe na ukuta ushushwe mpaka chini ya madirisha. Ambindwile hakufungwa. Alisema mafundi walimwibia nondo bila yeye kujua. Mafundi walimtaja msimamizi. Msimamizi alikuwa amevuka mpaka wa Tunduma kwenda Zambia na hakurudi. Mwaka uliofuata watu walisikia Ambindwile anajenga zahanati wilaya nyingine. Lakini wilayani Rungwe hakupata tena zabuni ya darasa, na vijiji vitatu vilivyokuwa vimeshapokea majengo yake viliazima ngazi kabla hata mhandisi hajafika. Watoto wa Ikuti walisoma kwa zamu kwenye chumba cha zamani mpaka Septemba, na Asajile alikaa kwenye kigoda kila siku ya ujenzi mpya, akihesabu nondo zinavyoingia.

Mwalimu Veronika hakuhamishwa. Aliitundika picha ofisini kwake kama alivyotaka, na nguzo mbovu zikiwa ndani. Alipoulizwa kwa nini asipige nyingine yenye jengo jipya, alisema nyingine itakuja, hii haishuki.

Mwantum alihamia sebuleni kwa baba yake, mbali na soko, mahali wapita njia ni wachache na mbuzi wengi. Mzee Zuber alilalamika siku ya kwanza kuhusu pazia la maporomoko kuziba dirisha lake, kisha akaanza kuwapanga wateja mwenyewe, akiwanyoosha mabega kama zamani. Wateja walipungua. Maharusi wengi walihamia kwa kijana mpya wa stendi. Waliobaki Mwantum aliwaambia neno moja: ukitaka nikutoe kovu nitalitoa, uso ni wako, lakini nyuma ya picha nitaandika kwa kalamu kwamba imeguswa. Wengine walinuna wakaondoka. Mama mmoja wa Msasani, mwenye alama za ndui mashavu yote mawili, alijinyoosha mbele ya pazia, kisha akasema, "Piga tu. Wameniona hivi miaka arobaini."

Mnamo Novemba mwanamume mmoja alibisha hodi akiwa na matope mpaka magotini. Alisema anaitwa Abrahamu, ametoka Matwebe, ametumwa na kamati ya maji. Kwao wamejengewa tangi, na lilipojazwa mara ya kwanza kulisikika mlio ambao hakuna aliyeupenda. Kamati inataka lipigwe picha kubwa, lakini wanawaogopa waliolijenga, maana si watu wadogo.

"Huyo wa Ikuti kwao ni mtoto, dada," alisema. "Hawa wana watu wao mpaka juu. Ukikataa tutakuelewa."

Mzee Zuber, kwenye kiti chake, alikuwa akifuta lenzi kwa shati.

Mwantum alitoa kadi mkobani, akaangalia kama ina nafasi, akafuta picha za sherehe mbili alizokwisha kuwakabidhi wenyewe.

"Gari la Matwebe linaondoka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nane, dada. Lakini leo limejaa, tutasimama."

"Tutasimama," alisema Mwantum, akaanza kutafuta viatu vyake vya mvua.